Kulinganisha kiwango cha aleli baina ya makundi ya watu: mwongozo kamili kwa wanaofanya kazi Unguja na Pemba

Majedwali ninayoletewa niyakague yana maradhi mamoja. Mwanafunzi ameandika kwamba aleli ya selimundu ni asilimia 16 kwa kundi fulani na asilimia 3 kwa jingine, kisha akajaza ukurasa mzima juu ya nani katoka wapi. Nikimuuliza hiyo 16 imegawanywa kwa namba gani, ananyamaza na kufungua kompyuta upya. Namba ya juu ya mstari alikuwa ameihesabu kwa uangalifu. Ya chini hakuitazama.

Skuli tulifundishwa kuwa kwenye sehemu, namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili. Neno hilo limekaa mahali pake, kwa sababu katika kazi hii makosa karibu yote yako kwenye asili, kwa maana zake mbili: asili ya sehemu, na asili ya watu. Ukizishika hizo mbili, hesabu iliyobaki inamalizika kwa kikokotoo cha simu.

Nitatumia selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, kuwa mfano mkuu, na nitachungulia G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe hizo) na uwezo wa kusaga maziwa pale inapobidi. Kwa asiyelizoea neno aleli: jeni moja inaweza kuandikwa kwa namna zaidi ya moja, na kila namna ndiyo aleli. Kwenye selimundu tuna A ya kawaida na S ya ugonjwa. Mtu hupewa nakala moja na baba na moja na mama, kwa hiyo atakuwa AA, AS au SS. Jozi hiyo ndiyo jenotaipu yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Swali moja, limeandikwa kwenye karatasi.
- Namba ya rs, yaani namba ya utambulisho kwenye kanzidata, ya badiliko la DNA unalolitafuta. La selimundu ni rs334.
- Idadi ya watu kwa kila jenotaipu. Asilimia tupu hazitoshi, hata zikitoka kwenye ripoti yenye muhuri.
- Maelezo ya jinsi watu walivyopatikana, na kipimo kilichotumika maabara.
- Dodoso lenye babu na bibi wanne, nitalieleza kwenye hatua ya 2.
- Excel au LibreOffice. Programu kubwa za takwimu si lazima.
- Intaneti ya kufungulia kanzidata za Ensembl na gnomAD, ambazo hazina malipo.
- Kibali cha maadili ya utafiti. Huku kwetu maombi hupitia kamati ya ZAHREC, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Kiombe kabla ya kuchukua tone la kwanza la damu, maana huwezi kuomba ruhusa ya jambo ulilokwisha kulifanya.

Hatua ya 1: Andika swali, taja badiliko moja

Usiandike "nataka kuangalia jeni za Wazanzibari". Andika hivi: "Je, kiwango cha aleli S ya rs334 kwa watoto wachanga wa kundi la kwanza kinatofautiana na cha kundi la pili?" Badiliko limetajwa, watu wametajwa, na kitu cha kupima kimetajwa.

Kutaja badiliko kunataka uangalifu kuliko watu wanavyodhani, na hapa maziwa ni mwalimu mzuri. Uwezo wa mtu mzima kusaga sukari ya maziwa unatokana na mabadiliko zaidi ya moja, yote yakiwa jirani jirani kwenye kromosomu ya 2. Linalojulikana zaidi Ulaya na kaskazini mwa India ni rs4988235. Kwa wafugaji wa Kenya na Tanzania lililoenea ni rs145946881. Bara Arabu lipo jingine, rs41380347. Sasa mtu akipima hilo la Ulaya peke yake kwa Mmasai, kwa mtu mwenye asili ya Oman na kwa Mgujarati, atapata jedwali zuri kabisa linalosema kwamba Mmasai hawezi kunywa maziwa. Kicheko hicho atakisikia mpaka Arusha.

G6PD ni hivyo hivyo. Aina ya A- imeenea Afrika. Ile ya Mediterania, rs5030868, huonekana zaidi Mashariki ya Kati na Bara Hindi. Visiwa vyetu vina watu wa pande zote hizo, na upungufu wa G6PD unahusu usalama wa dawa ya primakwini inayotumika kwenye malaria. Anayepima A- peke yake kisha akaandika kuwa familia zenye asili ya Arabuni "hazina upungufu wa G6PD" ameandika jambo la hatari.

Utajua hatua imekamilika ukimsomea mwenzako sentensi yako naye akaweza kukwambia ni safu gani za jedwali zitahitajika, bila kukuuliza kitu.

Hatua ya 2: Amua kundi maana yake nini

Hapa kaa. Wengi hupita mbio.

Sensa ya mwisho nchini kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, kwa hiyo hakuna orodha ya serikali utakayoilalia. Na hata orodha za kale za visiwa hivi zingekuchanganya: baina ya hesabu ya 1924 na ya 1948, waliojiandikisha Waswahili walipungua sana na waliojiandikisha Washirazi wakaongezeka, na haikuwa kwamba majahazi ya Washirazi yalitia nanga Malindi miaka hiyo. Watu walikuwa wale wale, jina walilojiita ndilo lililobadilika. Jeni haisomi jina.

Isitoshe, nasaba kwetu hufuata baba. Mtu atakwambia yeye ni Mshihiri, na ni kweli, babu yake mzaa baba alitoka Hadhramaut. Lakini bibi mzaa baba ni wa Makunduchi, babu mzaa mama ni Mtumbatu na bibi mzaa mama ni wa Wete. Katika wazee wanne, watatu ni wa hapa hapa. Ukimwandika "Mwarabu" kwenye safu ya kundi, umeandika robo ya habari yake na kuitangaza kuwa nzima.

Dawa yake ni dodoso fupi la wazee wanne. Kwa kila mshiriki uliza juu ya babu mzaa baba, bibi mzaa baba, babu mzaa mama na bibi mzaa mama: kila mmoja alizaliwa wapi, na watu wa nyumbani kwake walijiita nani. Maswali mawili mara wanne, dakika tano. Kisha weka sharti lako kabla ya kuona jenotaipu hata moja. Kwa mfano: anaingia kundi la kwanza mwenye wazee wote wanne wa shehia za Micheweni, anaingia kundi la pili mwenye angalau watatu waliozaliwa Oman au Yemen. Waliobaki usiwatupe, waweke kundi la tatu la mchanganyiko na ulitaje wazi. Mjini Unguja kundi hilo la tatu linaweza kuwa kubwa kuliko yote mawili, na hiyo peke yake ni matokeo.

Tahadhari ya kwanza: usibadilishe sharti baada ya kuona majibu. Ukiwahamisha watu wawili watatu kutoka kundi hili kwenda lile kwa sababu "wanaonekana zaidi ni wa kule", tofauti utakayoipata umeitengeneza mwenyewe.

Tahadhari ya pili ni udugu. Ukichukua watu 60 kutoka mtaa mmoja wa Kojani, utakuwa umechukua ndugu, binamu na watoto wa ami walioana. Nakala za jeni zao ni zile zile zinazojirudia. Mtu mmoja kwa kaya moja, na muulize sheha au mzee wa mtaa nani ana udugu na nani. Anajua kuliko programu yoyote. Vilevile watu 60 wa Kojani ni watu wa Kojani. Pemba ilihesabiwa watu 543,441 mwaka 2022, kwa hiyo usiandike "Wapemba" juu ya safu hiyo.

Hatua imefaulu ikiwa mtu mwingine, akipewa madodoso yako yaliyofichwa majina, atawagawa watu kama ulivyowagawa wewe. Jaribuni kweli kwa madodoso 20.

Hatua ya 3: Kagua watu walipatikana wapi

Watu wa kundi moja hutoa kiwango tofauti kwa kutegemea mlango uliowakutia.

Wagonjwa wa kliniki ya selimundu: S itakuwa juu kupita kiasi, maana wamekuja kwa ajili yake. Wachangiaji damu: S itashuka, kwa kuwa mwenye SS na mwenye upungufu wa damu hukataliwa foleni. Wanafunzi wa skuli: S itashuka pia, na sababu yake ni ya kusikitisha, kuna watoto wa SS ambao hawakuifikia skuli. Watoto wachanga wodini ndio wanaokaribia ukweli, kwa sharti kwamba umechukua kila aliyezaliwa kwenye siku ulizopanga.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuchukua kundi la kwanza kliniki na la pili kwa wachangiaji damu, kisha kuwalinganisha. Tofauti itatoka kubwa mno na itakuwa ni tofauti ya milango. Mlango uwe mmoja kwa makundi yote, au usilinganishe.

Kagua na kipimo. Kile cha haraka cha kuyeyusha, ambacho maji yakiwa na ukungu mtu ana S, hakitofautishi AS na SS, tena kwa mtoto mchanga hakifai kwa sababu damu yake bado imejaa himoglobini ya utotoni. Ukiletewa majibu ya "ana" na "hana" tu, huwezi kuhesabu aleli. Unahitaji majibu yanayotenganisha AA, AS na SS.

Hatua ya 4: Thibitisha herufi unazosoma ni za uzi gani

Kosa hili halina dalili, ndiyo maana nalichukia.

DNA ni nyuzi mbili zinazotazamana: A hukabiliana na T, C hukabiliana na G. Kwenye vitabu vya damu badiliko la selimundu huandikwa A kuwa T, kwa sababu wanasoma uzi wa jeni yenyewe. Lakini jeni hiyo, iitwayo HBB, imelala kwenye uzi wa nyuma wa kromosomu ya 11, na kanzidata za jenomu huandika uzi wa mbele. Huko badiliko lile lile ni T kuwa A. Kwa hiyo kwenye kitabu S ni T, na kwenye kanzidata S ni A.

Ingekuwa ni badiliko la G na A, ungestuka. Kitabu kinasema G na A, kanzidata inasema C na T, ungejua kuna kugeuzwa. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye G6PD A-. Kwa rs334 herufi ni A na T pande zote mbili, na hakuna kinachokustua. Utahesabu A ukidhani unahesabu ya kawaida, kumbe unahesabu S.

Fanya hivi. Andika juu ya jedwali lako: "uzi wa mbele, toleo GRCh38, kromosomu 11, nafasi 5227002, ya kawaida T, ya selimundu A". Toleo la ramani ya jenomu ni lazima, kwa kuwa kwenye toleo la zamani, GRCh37, nafasi hiyo hiyo ni 5248232. Halafu uliza maabara iliyosoma sampuli zako wao wameripoti uzi gani, na majibu yao yawe ya maandishi.

Namna ya kujihakiki: ukipata S ni asilimia 91 kwa kundi la watu wazima wenye afya, umegeuza. Kwa rs334 upuuzi huo unaonekana mara moja. Kwa badiliko lililo karibu na asilimia 50 hutaona kitu, na hapo ulinzi wako ni ile sentensi ya juu ya jedwali.

Hatua ya 5: Hesabu nakala, usihesabu vichwa

Hii ndiyo hatua iliyozaa ile asilimia 16 ya mwanzo. Namba zifuatazo ni za mazoezi, nimezibuni.

Kundi la kwanza, watoto 200: AA 168, AS 30, SS 2.
Kundi la pili, watoto 150: AA 141, AS 9, SS 0.

Watoto wenye S kwenye kundi la kwanza ni 32 kati ya 200, asilimia 16. Hiyo ni sehemu ya watu wanaoibeba S. Si kiwango cha aleli. Watoto 200 wana nakala 400 za jeni hii, na asili ya sehemu yako ni hiyo 400.

Kiasi: kila AS anatoa S moja, kila SS anatoa mbili. 30 + 2 × 2 = 34.
Kiwango: 34 ÷ 400 = 0.085, yaani asilimia 8.5.

Kundi la pili: 9 ÷ 300 = 0.03, asilimia 3.

Angalia sasa. Ukilinganisha asilimia 16 ya vichwa kutoka kundi moja na asilimia 3 ya nakala kutoka jingine, tofauti inaonekana mara tano na zaidi. Ukilinganisha nakala kwa nakala, haifiki mara tatu. Mwandishi mmoja anatumia vichwa, mwingine nakala, wewe unachukua namba kwenye muhtasari wa kila mmoja bila kusoma asili yake, na jedwali limeharibika.

Kwenye Excel weka AA safu ya B, AS safu ya C, SS safu ya D, kisha:

Asili, safu ya E: =2*(B2+C2+D2)
Kiasi, safu ya F: =C2+2*D2
Kiwango, safu ya G: =F2/E2

Nafasi tupu ziache tupu. Sampuli iliyokataa kusomeka haihesabiwi juu wala chini. Nimewahi kuona mtu aliyejaza AA kwenye matundu yote "ili jedwali lipendeze", na S ikashuka kwa kundi lile lililokuwa na sampuli mbovu zaidi.

Kwa G6PD kanuni hii inabadilika, na wengi huanguka hapa. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya X. Mwanamke ana nakala mbili, mwanamme ana moja. Ukiwa na wanaume 60 na wanawake 40, asili si 200. Ni 60 + 2 × 40 = 140. Kompyuta nyingi humwandika mwanamme herufi mbili zinazofanana, kana kwamba ana nakala mbili, nawe ukimhesabu hivyo umempa kromosomu asiyokuwa nayo. Makundi mawili yenye uwiano tofauti wa wanaume na wanawake yataonekana yanatofautiana bure.

Dalili ya kufaulu: asili yako yote ni namba shufwa kwa jeni zisizo za X, na jumla ya A na S inalingana nayo bila kupungua wala kuzidi.

Hatua ya 6: Pitisha kila kundi kwenye kanuni ya Hardy-Weinberg

Kanuni hii ya 1908 inasema kwamba watu wakioana bila kuchagua kwa jeni hiyo, ukijua kiwango cha S unaweza kubashiri idadi ya AA, AS na SS. Kiwango cha S kikiwa q na cha A kikiwa p, bashiri p × p kwa AA, 2 × p × q kwa AS, q × q kwa SS, kisha zidisha kila moja kwa idadi ya watu.

Kundi la kwanza: AA 167.4, AS 31.1, SS 1.4. Tulichokiona ni 168, 30 na 2. Zimekaribiana, endelea.

Zikiachana sana, usikimbilie kufuta watu. AA na SS zikizidi na AS ikipungua, shuku mambo matatu: ndani ya kundi lako mna makundi mawili uliyoyachanganya, au ndoa za binamu ni nyingi, au maabara imeshindwa kusoma nakala ya pili na kuiandika AS kama AA. SS ikikosekana kwa watu wazima, rudi hatua ya 3. Ukaguzi huu hauthibitishi kwamba data ni safi. Unakamata uchafu mkubwa tu.

Hatua ya 7: Weka mipaka, kisha linganisha

Asilimia 8.5 imetoka kwa watoto 200, si kwa watoto wote wa kundi hilo. Ungechukua 200 wengine ungepata namba nyingine. Kwa hiyo kila kiwango kiandikwe na mipaka yake ya asilimia 95. Tumia njia ya Wilson, haikuoneshi namba chini ya sifuri aleli ikiwa adimu. Mpaka wa chini kwenye Excel:

=(G2+3.84/(2*E2)-1.96*SQRT(G2*(1-G2)/E2+3.84/(4*E2^2)))/(1+3.84/E2)

Wa juu ni huo huo, geuza alama ya kutoa iliyoko kabla ya 1.96 iwe ya kujumlisha. Kundi la kwanza litakupa asilimia 6.1 hadi 11.6, la pili asilimia 1.6 hadi 5.6.

Sasa jaribio la kai-skwea, linalopima kama tofauti inaweza kuwa ya bahati tu. Panga nakala: kundi la kwanza S 34 na A 366, kundi la pili S 9 na A 291. Zidisha kimsalaba: 34 × 291 toa 366 × 9 ni 6,600. Kipeo cha pili cha hiyo zidisha kwa nakala zote 700, gawa kwa 400 × 300 × 43 × 657. Jibu ni 8.99. Kizingiti ni 3.84, umekivuka, na =CHISQ.DIST.RT(8.99,1) itakupa 0.0027, yaani nafasi ya kupata tofauti kubwa hivi au zaidi kwa bahati tu.

Ukilinganisha makundi matano kwa mawili mawili, una majaribio kumi, na moja linaweza kuvuka kizingiti kwa bahati tu. Gawa 0.05 kwa kumi, na udai 0.005.

Neno juu ya sifuri. Umepima watu 60 wa kundi la tatu, hukuiona S hata moja. Usiandike "haipo". Hukuiona, basi. Chukua 3, gawa kwa nakala 120: inaweza kufika asilimia 2.5 na bado ikakupita. Andika mpaka huo.

Hatua ya 8: Kama unalinganisha na kanzidata za nje

Anza kwa kujipima kwa badiliko ambalo jibu lake linajulikana. Fungua rs2814778, lile la Duffy, linalohusiana na kinga ya chembe nyekundu dhidi ya malaria ya vivax. Angalia herufi C. Kwa kundi la LWK (Waluhya wa Kenya) inakaribia asilimia 100, kwa CEU (watu wa Utah, Marekani, wenye asili ya Ulaya) inakaribia sifuri. Ukiona kinyume, unasoma herufi isiyo yako, na heri umegundua hapa.

Kisha soma alama za makundi kwa jina kamili. LWK ni Waluhya wa Webuye, Kenya, watu 99. YRI ni Wayoruba wa Ibadan, 108. GIH ni Wagujarati wanaoishi Houston, Marekani, 103. Hao wote ni wa mradi wa 1000 Genomes, wenye watu 2,504 wa makundi 26. Katika hayo 26 hakuna kundi la Tanzania, wala la Bara Arabu. Mwanafunzi anayemweka Mluhya wa Webuye badala ya Mtumbatu kwa sababu wote ni "Afrika Mashariki" ajaribu kuwaeleza Watumbatu wenyewe.

gnomAD ni kubwa zaidi, ila kundi lake la Afrika limejaa Wamarekani Weusi, ambao wana sehemu ya asili ya Ulaya na ambao wazee wao wengi walitoka Afrika Magharibi na ya Kati. Safu ya AC ni kiasi, safu ya AN ni asili, na AN tayari ni nakala. Usiizidishe kwa mbili. Kwa jeni za X wao wenyewe wameshamhesabia kila mwanamme nakala moja.

Hatua ya 9: Andika matokeo bila kumharibia mtu posa

Visiwa ni vidogo. Ukitaja shehia, umri na kwamba mtoto mmoja ni SS, kuna mtu barazani atamtaja kwa jina kabla chai haijapoa. Kundi likiwa na wabebaji wachache, liunganishe na jirani au taja wilaya. Na ukiandika kwamba "watu wa kijiji fulani wana selimundu", mabinti wa kijiji hicho watarudishiwa posa. AS si mgonjwa, liandike hilo kwenye ukurasa wa kwanza.

Usigeuze S kuwa cheti cha nasaba. S imeenea palipokuwa na malaria, kwa sababu mwenye AS huhimili malaria kali vizuri zaidi. Ipo Oman, ipo mashariki mwa Saudi Arabia, ipo kwa baadhi ya jamii za Gujarat. Makundi mawili yenye mababu tofauti yaliyoishi na mbu mmoja yanaweza kuwa na kiwango kimoja, na ndugu wawili waliotengana, mmoja pwani mmoja milimani, vizazi vyao vikatofautiana.

Sentensi ya matokeo iwe na kila kitu ndani yake. Kwa zile namba zetu za mazoezi ingekuwa hivi:

"Kwa watoto wachanga 200 wa kundi la kwanza, aleli S ya rs334 ilikuwa nakala 34 kati ya 400, asilimia 8.5, mipaka 6.1 hadi 11.6. Kwa watoto 150 wa kundi la pili ilikuwa nakala 9 kati ya 300, asilimia 3, mipaka 1.6 hadi 5.6. Kundi liliamuliwa kwa mahali walipozaliwa babu na bibi wanne. Watoto wote walitoka wodi za uzazi katika kipindi kimoja, na kila kaya ilitoa mtoto mmoja."

Chini yake ambatisha jedwali la AA, AS na SS kwa kila kundi, pamoja na idadi ya sampuli zilizokataa kusomeka.